Zikishikana Bila Kutakiwa, Zikikataa Kushikana: Utatuzi wa Matatizo ya Polima na Chembe Nano za Asidi Nukleiki

Tyubu ya chembe nano za dhahabu nilizozichanganya na DNA ilikuwa na rangi ya damu ya mzee. Nikaongeza chumvi, nikafunga kifuniko, nikaipindua mara moja, na kabla sijairudisha kwenye kishikizo chake ilikuwa imeshakuwa zambarau. Dakika chache baadaye ikawa bluu. Kesho yake asubuhi nilikuta maji yasiyo na rangi na tope jeusi limelala chini. Niliilaumu dhahabu, nikaitengeneza upya mara mbili, na mara zote mbili ikaishia palepale. Kosa lilikuwa kwenye DNA, hatua mbili kabla ya dhahabu kuingia kwenye hadithi.

Tangu siku hiyo naanza uchunguzi wowote kwa swali moja. Asidi nukleiki, kama DNA, ina tabia mbili zinazopingana. Uti wake wa mgongo umejaa fosfeti zenye chaji hasi, kwa hiyo nyuzi hufukuzana. Besi zake huvutana: hushikana kwa vifungo vya haidrojeni na hulaliana kama sahani zilizopangwa. Chumvi hupunguza kufukuzana, na joto hupunguza kuvutana. Ukichukua besi peke yake ukazipachika kwenye polima ya sintetiki yenye uti wa kaboni, umeondoa fosfeti zote na umebaki na mvutano mtupu. Basi mbele ya dalili yoyote jiulize: vitu vimeshikana visipotakiwa, au vimekataa kushikana vilipotakiwa? Jibu hilo huondoa nusu ya watuhumiwa.

Dhahabu imegeuka bluu

Chembe za dhahabu za nanomita 13 zilizotengenezwa kwa sitreti hufyonza mwanga zaidi karibu na nanomita 520, ndiyo maana ni nyekundu. Zikikaribiana, kilele hicho huhamia kwenye mawimbi marefu na jicho huona zambarau, kisha bluu. Jambo la kutafuta kwanza ni saa: imegeuka lini?

Ikiwa imegeuka kabla hujaweka DNA, mtuhumiwa ni chombo. Mabaki madogo ya kazi iliyopita kwenye kuta za chupa yanatosha kuharibu. Vyombo vya kioo huoshwa kwa mchanganyiko wa asidi haidrokloriki sehemu 3 na asidi nitriki sehemu 1, ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa umevaa glovu na miwani. Mchanganyiko huo hutoa gesi, kwa hiyo usiufunge kwenye chupa hata kidogo. Baada yake suuza kwa maji safi mpaka uchoke, kisha suuza tena.

Ikiwa imegeuka wakati wa kuongeza chumvi, kama yangu, chembe hazikuwa zimevikwa DNA ya kutosha. Sitreti hulinda chembe kwa chaji tu, na chumvi huizima chaji hiyo papo hapo. DNA iliyosimama wima kwa wingi juu ya dhahabu hulinda vizuri zaidi, ila lazima iwe imeshafika. Kwa nini haikufika?

Mara nyingi ni kwa sababu thioli, yaani kikundi cha salfa kwenye ncha ya DNA kinachoishika dhahabu, haikufunguliwa. DNA yenye thioli kwa kawaida huuzwa ikiwa imefungwa kama daisulfidi (salfa mbili zilizoungana), na hufunguliwa kwa kemikali ya DTT au TCEP. Mimi niliifungua vizuri kabisa siku ya Ijumaa, nikaiacha kwenye friji, nikaitumia Jumatatu. Thioli zilizo wazi hukutana na oksijeni na kufungana tena mbili mbili. Ifungue siku ileile utakayoitumia, na dhahabu iwe tayari inasubiri.

Kosa la pili ni kinyume chake: DTT imebaki. Molekuli yake ni ndogo, ina thioli mbili, na huiwahi dhahabu kabla ya DNA yako ndefu. Pitisha DNA kwenye safu ya kuondolea chumvi, pima kila tone kwa nanomita 260, na ukusanye kilele cha kwanza tu. Tamaa ya kuokota matone ya mwisho ndiyo inayoleta DTT kwenye tyubu.

La tatu ni haraka. Chumvi huongezwa kwa awamu. Anza na bafa ya fosfeti ya milimola 10 kwa lita na sabuni kidogo, mfano SDS ya asilimia 0.01, halafu panda polepole hadi mola 0.1 kwa lita, kisha 0.3, na zaidi ukihitaji, ukiipumzisha chembe baina ya awamu. Kila nyongeza hupunguza kufukuzana kwa nyuzi zilizokwisha kufika na kufungua nafasi kwa nyingine. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, dhahabu hugandana kabla DNA haijapata nafasi ya kupanda.

Usijaribu bahati yako kwenye tyubu nzima. Chota mikrolita 50, ongeza chumvi hadi mola 0.1 kwa lita, tazama kwa dakika moja. Chembe tupu hubadilika rangi mbele ya macho yako, zilizovikwa hubaki nyekundu. Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi, nacho ni cha kugandisha: dhahabu tupu ikigandishwa na kuyeyushwa hurudi bluu au kijivu, lakini iliyovikwa DNA vizuri hurudi nyekundu.

Halafu kuna bluu ambayo ni habari njema. Mwaka 1996 kundi la mwanakemia Chad Mirkin lilionyesha kwamba chembe za dhahabu zilizovikwa DNA hukusanyika zikipewa uzi wa kuziunganisha, na hurudi kuwa nyekundu zikipashwa moto. Hiki ndicho kipimo cha kuamua. Pasha tyubu yako ya bluu hadi juu ya jotoridi ambalo nyuzi zako huachana. Ikirudi nyekundu, zilizokusanyika ni jozi za besi. Ikibaki bluu, dhahabu imegusana na dhahabu, na hapo hakuna cha kuokoa. Usikae muda mrefu kwenye joto kali lakini. Kuanzia karibu nyuzijoto 70, kifungo cha thioli na dhahabu nacho huanza kuachia.

Chembe ni nyekundu, ni imara, ila hazimshiki mwenzake

Dalili hii inaumiza kuliko ya kwanza, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa. Chumvi inavumiliwa, rangi ni nzuri, lakini uzi pacha ukiingia hakuna kinachotokea, au muachano wake ukipimwa kwa joto unatambaa taratibu badala ya kukatika ndani ya digrii chache kama inavyotarajiwa kwa chembe zilizovikwa nyuzi nyingi.

Angalia kwanza kama uzi umelala. Besi zenyewe hupenda dhahabu, adenini kuliko zote, thimini kidogo kuliko zote. Uzi wenye adenini nyingi karibu na thioli hujibandika ubavu kwenye dhahabu badala ya kusimama. Weka thimini 10 kati ya thioli na sehemu inayofanya kazi.

Ukishafanya hivyo na bado mambo hayaendi, chunguza uzi wenyewe, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. DNA ya kutengenezwa hujengwa kutoka ncha ya 3' kwenda 5', besi moja baada ya nyingine, juu ya punje imara. Kila hatua hupoteza kidogo. Hatua ikifaulu kwa asilimia 99, uzi wa besi 20 hutoka mzima kwa takriban asilimia 83, na wa besi 100 kwa asilimia 37 tu. Kufaulu kukishuka hadi asilimia 97, ule wa 20 unatoka kwa asilimia 56. Kinachobaki ni vipande vifupi.

Sasa fikiria thioli iko wapi. Ikiwa iko ncha ya 5', huwekwa mwisho kabisa, kwa hiyo vipande vilivyokatika njiani havina thioli na havipandi kwenye dhahabu. Ikiwa iko ncha ya 3', ilikuwepo kwenye punje tangu mwanzo, na kila kipande kibovu kinayo. Vyote vitapanda. Chembe zako zitakuwa imara kabisa kwa sababu zimevaa DNA, ila sehemu kubwa ya DNA hiyo ni mabaki yasiyofika kwenye sehemu ya kutambua. Ufyonzaji wa nanomita 260 hautakuambia, maana kipande kifupi nacho hufyonza. Safisha kwa kromatografia au kwa jeli ya poliakrilamaidi kabla ya kuweka kwenye dhahabu. Baadaye hutaweza kuvitenganisha.

Kama unajijengea uzi mwenyewe kwa mashine, tazama rangi ya machungwa inayotoka kila kikundi cha traitili, kinga ya ncha ya uzi, kinapoondolewa. Ikififia kidogo kidogo toka hatua ya kwanza, kiyeyushi chako cha asetonitraili kimevuta unyevu. Ikianguka ghafla kwenye hatua moja, chupa ya nukleotidi hiyo ndiyo mbovu au imekwisha.

Neno la mwisho kwenye dhahabu: ukipima idadi ya nyuzi kwa rangi inayong'aa, zing'oe kwanza kwa DTT nyingi. Dhahabu humeza mwanga wa rangi iliyo karibu nayo, na utadhani huna kitu wakati chembe imejaa.

Umbo lililokunjwa halionekani kwenye jeli

Mbinu ya mtafiti Paul Rothemund ya mwaka 2006 ya kukunja DNA huchukua uzi mrefu wa kirusi cha M13, wenye nukleotidi 7,249, kama kiunzi, kisha nyuzi fupi zaidi ya 200 hukishikiza kikunjike kuwa umbo linalotakiwa. Hapa nyuzi nyingi zenye chaji hasi zinalazimishwa kukaa ubavu kwa ubavu. Bila magnesiamu hazikubali. Maumbo bapa kwa kawaida hutengenezwa kwenye milimola 12.5 kwa lita, na yale manene yenye tabaka nyingi huhitaji zaidi.

Mstari ukikosekana na jeli ya kutenganishia DNA kwa umeme ikaonyesha wingu tu, wengi hukimbilia kubuni upya nyuzi. Tafadhali usifanye hivyo kabla hujasoma kibandiko cha rangi ya kupakilia. Rangi nyingi za kawaida zina EDTA, na kila molekuli ya EDTA humeza ioni moja ya magnesiamu. Chukua mfano: mikrolita 5 za sampuli yenye milimola 12.5, na mikrolita 1 ya rangi yenye EDTA ya milimola 60. Ukichanganya, magnesiamu ni 10.4 na EDTA ni 10. Inabaki 0.4. Umbo lilikuwa zima kwenye tyubu, umelifumua mwenyewe kwenye pipeti. Tumia gliseroli na rangi isiyo na EDTA, weka magnesiamu ndani ya jeli na ndani ya bafa ya kuendeshea, na uzungushie barafu, maana bafa yenye magnesiamu hupitisha umeme mwingi na kupata joto.

Ikiwa kila kitu kimekwama kwenye kishimo cha jeli, umbo limekunjika lakini limeshikana na wenzake. Kingo za umbo bapa zimejaa ncha butu za heliksi, na ncha hizo hulaliana na za jirani kwa hamu kubwa. Ondoa nyuzi za kingo, au ziongezee mkia wa thimini 4 zinazoning'inia. Magnesiamu iliyozidi nayo huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo jaribu tyubu tano au sita zenye viwango tofauti kwa siku moja badala ya kubishana na kiwango kimoja kwa mwezi.

Ikiwa kuna mstari lakini ni mpana na hafifu, mpe muda. Umbo bapa hukubali kupoa kutoka nyuzijoto 95 hadi 20 kwa saa mbili hivi. Umbo nene linaweza kutaka siku kadhaa.

"Maua" ya DNA yameyeyuka

Kimeng'enya cha phi29, kinachonakili DNA, kikizunguka kiolezo cha duara kwa nyuzijoto 30, hutoa uzi mrefu unaorudia ujumbe uleule, na baada ya saa kadhaa hutokea chembe zenye umbo kama la maua. Ukiongeza EDTA kusimamisha kazi, maua yanatoweka. Hakuna kilichoharibika kwenye DNA. Kila nukleotidi inapoongezwa pairofosfeti moja hutoka, nayo hukutana na magnesiamu na kuganda. Fuwele hizo ndizo mifupa ya ua. Simamisha kwa joto badala ya EDTA. Na ukitaka kuamini kwamba una chembe za DNA badala ya fuwele tupu, endesha tyubu ya pili isiyo na kiolezo uone kama tope linatokea.

Polima yenye besi imekuwa jeli ndani ya chupa

Hapa tunaingia upande ambako fosfeti haipo. Monoma ni besi, tuseme thimini, iliyoungwa kwenye kikundi cha vinili au akrilati, na polima hujengwa kwa radikali (molekuli zenye elektroni pweke). Chupa imetolewa kwenye mafuta ya moto, umeiinamisha, na kilichomo hakitiririki. Kimeganda.

Kuna jeli mbili zinazofanana kwa sura na tofauti kabisa kwa asili. Kata kipande, kiweke kwenye kiyeyushi cha DMSO, pasha moto taratibu. DMSO huwanyang'anya besi vifungo vya haidrojeni. Jeli ya mvutano itayeyuka yote. Jeli ya vifungo halisi itavimba, itang'aa, itakuwa kubwa mara kadhaa, lakini haitayeyuka hata uisubiri juma zima.

Ikivimba tu, nenda moja kwa moja kwenye usafi wa monoma. Thimini ina naitrojeni mbili zinazoweza kushika, N1 na N3. Ulipokuwa ukiiunga na kikundi cha vinili, baadhi ya molekuli zilishika pande zote mbili, na sasa zina vinili mbili, yaani ni viunganishi vya kuvuka kutoka mnyororo hadi mnyororo. Usiseme asilimia 1 ni ndogo. Mnyororo wa monoma 100 utapata kiunganishi kimoja kwa wastani, na hicho kinatosha kufunga chupa yote. Kwenye kipimo cha NMR, kinachoonyesha haidrojeni za molekuli, ndani ya DMSO tazama haidrojeni ya N3 karibu na 11.3 ppm: ikipungua chini ya moja ukilinganisha na haidrojeni ya pete, unao ugonjwa huo. Rudi kwenye safu ya silika. Kuongeza muda wa kupolimisha au kupunguza kianzishi hakutasaidia.

Chanzo kingine cha vifungo halisi ni mwanga. Miale ya urujuanimno iliyo chini ya nanomita 300 huunganisha thimini mbili zilizo jirani. Ukianzisha upolimishaji kwa taa, chagua wimbi refu.

Ikiyeyuka yote, polima ni nzima, ulikosea kiyeyushi. Kwenye kloroformu adenini na thimini hushikana kwa uthabiti wa takriban lita 100 kwa mola, na guanini na sitosini hufika 10,000 na zaidi. Kwenye maji, besi moja moja karibu hazishikani, kwa kuwa maji yenyewe yanashika kila upande. Polimisha kwenye DMSO au DMF, hifadhi mvutano kwa hatua ya baadaye.

Upolimishaji hauanzi, au unaishia njiani

Kwa RAFT, mbinu inayodhibiti minyororo kwa misombo ya salfa, toa oksijeni kwa kugandisha, kuvuta hewa na kuyeyusha mara tatu au nne. Tazama rangi: dithiobenzoati ni ya waridi, trithiokaboneti ni ya njano. Rangi ikipotea, ncha za minyororo zimekatwa, na polima haitakubali kuongezewa sehemu ya pili. DMF ya zamani ni mtuhumiwa mkubwa hapa, kwa sababu ikioza hutoa dimethilamini, na amini hushambulia ncha hizo.

Kwa ATRP, mbinu inayodhibiti minyororo kwa shaba, naomba uwe na tahadhari tangu mwanzo. Naitrojeni za pete za adenini, guanini na sitosini hushika shaba, na shaba iliyoshikwa na monoma haifanyi kazi uliyoiajiri. Ukiweza, hamia RAFT. Ukilazimika kubaki, tumia ligandi (molekuli ya kushika metali) inayoshika shaba kwa nguvu kuliko besi.

Kromatografia inaonyesha nundu mbili

Usiandike bado kwamba una mchanganyiko. Punguza ukolezi wa sampuli mara mbili, ipitishe tena. Nundu kubwa ikisogea au ikipungua, ni minyororo iliyokumbatiana kwa besi, na dawa yake ni DMF yenye lithiamu bromaidi kidogo na safu yenye joto. Ikibaki mahali pake, na uzito wake ni mara mbili ya ile ndogo, radikali mbili zimekutana zikafungana. Hapo ulikwenda mbali mno. Simamisha mapema, monoma ikiwa bado imebaki.

Chembe za polima zina ukubwa tofauti kila siku

Polima ya sehemu mbili, moja inayopenda maji na nyingine yenye besi, hujikunja kuwa chembe inapotolewa DMF na kuingizwa kwenye maji. Jumatatu unapata nanomita 40, Alhamisi 180, polima ileile. Kinachobadilika ni mkono wako. Kiini chenye besi hukakamaa mapema maji yanapoingia, na chembe hubaki na umbo ililokamatwa nalo. Ongeza maji kwa pampu, mililita moja kwa saa ikibidi, kisha ondoa DMF kwa dialisisi, yaani kuipitisha kwenye utando. Ukichanganya polima ya adenini na ya thimini, ziyeyushe pamoja kwenye DMF kwanza. Ukitengeneza chembe za kila moja kisha ukazichanganya kwenye maji, huenda zikakataa kufunguka zikutane, na utadhani besi hazitambuani.

Kabla hujabadilisha pampu, hata hivyo, mwamini darubini kuliko kipimo cha ukubwa kwa mtawanyo wa mwanga. Mwanga unaotawanywa na chembe ndogo hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara sita, kwa hiyo chembe moja iliyo kubwa mara kumi hung'aa kama milioni moja za ndogo. Vumbi chache huzifunika zote. Chuja kiyeyushi kabla ya kuweka polima, na siku ambayo 180 inatokea tena, pima maji matupu yaliyochujwa kwenye kikombe kilekile cha kupimia.